Chenji ya Mama Mizani

Mtaani walimwita Mama Mizani, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa huruma. Alilipata kwa kisu, kwa mdomo, na kwa ile mizani ya saa iliyoning'inia juu ya meza ya bucha yake, yenye uso wa duara na mshale mwekundu ambao hakuna mteja aliyejisumbua kuutazama. Wenzake wa biashara hiyo walikuwa na ufundi wao. Kuna waliogandamiza sahani kwa kidole cha mwisho, kuna waliokupimia mfupa ukadhani ni mnofu. Yeye hapana. Si kwamba alikuwa malaika. Alipiga hesabu zake mapema akaona kwamba katika mtaa uliojaa wauza nyama wajanja, mkweli mmoja atauza mpaka kwato. Ukweli ndio uliokuwa mtaji wake, akautunza kama watu wanavyotunza mtaji, yaani kwa wivu.

Ndugu walipokuja na ile sauti ya "si unajua sisi ni wa nyumbani", aliwakata kauli kabla hawajafika mbali.

"Mizani yangu haina shemeji," aliwaambia, na kisu kikaendelea kushuka.

Watu walicheka, hasa kwa sababu shemeji alikuwa naye, tena jirani. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mfuga mbuzi, mtu ambaye ungeweza kukaa naye asubuhi nzima ukaondoka na maneno mawili tu. Mumewe alipofariki, ukoo ulikaa kikao ukaamua kwamba bucha si kazi ya mwanamke, iuzwe, watu wagawane. Shemeji peke yake alisema, "Mwacheni afanye." Hakuongeza neno. Alisimama, akaenda kuwafungulia mbuzi wake, na kikao kikamfia mikononi yule aliyekiitisha. Kuanzia hapo Mama Mizani alinunua mbuzi kwake kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, ingawa aliwanunua kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Hisani aliiona ni hisani, na mbuzi ni mbuzi.

Bucha ilikuwa katikati ya mtaa. Machinjio yalikuwa mwisho wa barabara, nyumba zinapoishia: banda la bati, sakafu ya saruji yenye mfereji, na nyuma yake shimo la kutupia masalio. Ng'ambo ya shimo palikuwa na vichaka, na ng'ambo ya vichaka kilima cha mawe makubwa. Zizi la shemeji lilikuwa pembeni, kati ya machinjio na vichaka, mahali ambapo mtu mwenye mbuzi na hofu asingejenga.

Lakini hofu haikuhitajika, maana shimo lile lilikuwa na utaratibu wake. Mchinjaji, mwanamume mwembamba mwenye ulimi usiojua kupumzika, ndiye aliyeuelewa vizuri akaupa majina. Jua likianza kuzama walikuja mbweha, wawili wawili, miguu myepesi kama wanaokanyaga vyombo vya watu. Hao aliwaita Mawakala, kwa sababu walichukua kidogo cha juu juu wakaondoka. Giza likishika zamu ilikuwa ya fisi mmoja mzee mwenye sikio lililochanika, aliyekula mifupa, kwato na chochote kilichoanza kunuka, asubuhi shimo likawa safi kuliko jiko la mseja. Huyo mchinjaji alimwita Bwana Afya. Fungo alipita ukutani akiokota wadudu na matunda yaliyodondoka, hana habari na mtu. Na juu kule kwenye mawe alikaa chui ambaye hakuwahi kushuka shimoni. Alikula pimbi, alikula nyani, na mara mojamoja alikula mbwa mzururaji aliyejiona mkubwa. Kwa hiyo mbwa hawakupenda upande ule, mbweha walimpisha fisi, fisi hakupanda mawe, na watu walifungia mifugo yao jua linapozama. Hakuna aliyempenda mwenzake. Kila mmoja alijua zamu yake, basi.

Mama Mizani alikuwa na mbwa wawili wa kulinda bucha, na majina yao yalikuwa utani wake mwenyewe: Risiti na Chenji. Risiti alikuwa mvivu. Chenji, dume la rangi ya kahawia lenye doa jeupe kifuani, ukimwita hata akiwa wapi alikuja mbio. "Kwangu Chenji lazima irudi," aliwaambia wateja, na wateja walicheka kila mara kama vile ni mara ya kwanza.

Mbwa hao walikula mapafu. Ilikuwa hivyo tangu enzi za mumewe, mapafu hayauziki, wape mbwa. Kisha akatokea mtengeneza chakula cha kuku, akasema yeye anachukua mapafu, anachukua bandama, anachukua vipande vyote, anakausha na kusaga. Mama Mizani alimzungusha kwenye bei mpaka mtu wa watu akaketi chini, wakapatana. Mbwa wakabaki na maji ya kuoshea meza. Mchinjaji alipouliza hao watakula nini, alijibiwa kwamba mbwa akiwa na njaa kidogo analinda vizuri zaidi. Na ili wasilie uani usiku kucha, alianza kuacha geti wazi kidogo. Wajitafutie. Ni mbwa, si wageni.

Asubuhi moja akaitwa zizini kwa shemeji.

Kuitwa kwenyewe hakukumshtua. Mnyama akiuawa popote mtaani, alikuwa anaitwa yeye aseme ni kazi ya nani, kwa kuwa mkono uliokata nyama miaka yote hiyo unajua jeraha. Aliwahi kusema chui, ikathibitika ni chui. Aliwahi kusema ni kisu cha mtu, na mwenye kisu akapatikana. Watu walichukua neno lake kama walivyochukua kilo yake, bila kuliangalia mara mbili.

Alikuta mbuzi wamelala ovyo zizini, majike matatu na beberu mmoja, na wengine wamebanana kona moja wanatetemeka. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kushona viatu, alikuwa amefika na sindano yake bado imechomekwa kolani mwa shati. Mchinjaji alikuwepo, na majirani kadhaa, na shemeji amechuchumaa kando ya beberu, mkono wake juu ya pembe.

Mama Mizani aliinama, akageuza wa kwanza, na hapo hapo akajua.

Fisi hupasua tumbo na kula, na hamuachii mtu mfupa mzima. Chui hushika shingo, akaondoka na mmoja. Hawa walikuwa wameng'atwa miguu ya nyuma, mapaja, masikio, mmoja mkia. Wamechanwachanwa kama kwa mchezo, na nyama iliyoliwa haifiki hata ya kujaza sahani. Mifupa yote mizima. Hiyo ni kazi ya mbwa, na mbwa wenye nguvu na mazoea. Na kwenye mwiba wa boma, karibu na uso wake, kulikuwa na kishungi cha manyoya ya kahawia.

Alikitoa akijifanya anajishika asianguke. Akakifumbata.

Alichofikiria ni hiki, na alikifikiria kwa kasi ya mtu aliyezoea mnada. Bucha yenye mbwa wanaoua mbuzi inafungwa. Nyama ya mwenye mbwa hao hainunuliwi. Jina lote lile, mshale wote ule usiotazamwa, unakwenda na maji asubuhi moja. Kwa upande wa pili kulikuwa na fisi mzee mwenye sikio lililochanika, ambaye hana leseni wala mteja.

"Fisi," alisema.

Shemeji akainua macho. "Mbona mifupa mizima?"

Katika biashara yake kulikuwa na kanuni: mteja akiuliza swali zuri, usimwache alisikie mwenyewe. "Ameshtuliwa," alijibu papo hapo. "Fisi akishtuliwa anang'ata anachokifikia akakimbia. Wewe ulikohoa usiku?"

"Nilikohoa."

"Basi."

Mchinjaji alikuwa anatazama mapaja ya yule jike, midomo imebana, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutoa mzaha. Lakini yeye alikuwa mwajiriwa wake. Shemeji aliitikia kwa kichwa polepole, akasema maneno ambayo Mama Mizani angeyasikia masikioni kwa muda mrefu kuliko alivyotaka: "Wewe ndiye unajua nyama, shemeji."

Yaliyofuata hayakumhitaji tena. Neno likishatoka linajiendesha. Majirani walisema fisi amezeeka, amesahau zamu yake. Mwenyekiti alisema askari wa wanyamapori wakiitwa watafika mwezi ujao na maswali. Vijana fulani wakasema wao wanayo dawa. Mizoga ya mbuzi wa shemeji ikapakwa sumu, ikapelekwa shimoni, na Mama Mizani, alipoulizwa kama machinjio yanaweza kukaa bila kutumia shimo siku hiyo, alikubali. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kusema. Aliiona inapita, ikapita.

Asubuhi walikuta mbweha wamelala nyuma ya banda, Mawakala wote, midomo ina povu. Tai walikuwa vichakani wamekunjua mabawa kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Fungo, aliyeokota wadudu wa mizoga ile, alikuwa amekakamaa chini ya ukuta wake. Bwana Afya alikuwa amefika hadi karibu na mawe. Mchinjaji alimgeuza kwa mguu, kisha akachuchumaa.

"Bwana Afya alikuwa bibi," alisema hatimaye. "Ananyonyesha."

Watu wengine walicheka, maana kweli ilikuwa inachekesha, miaka yote hiyo bwana, bwana. Mchinjaji hakucheka. Alimtazama tajiri wake mara moja, kwa jicho la chini, akaenda kuchukua koleo. Mama Mizani alirudi bucha akapima nyama mpaka jioni, na kila mteja alipomwambia "asante mama, umetuokoa," alijibu kwamba si kitu. Kwa kweli alitamani wamtukane. Tusi angelijibu, lakini shukrani hakujua aiweke wapi.

Aliwafungia mbwa uani. Akawarudishia mapafu kidogo, kimyakimya, kama mtu anayelipa hongo. Lakini mbwa akishaonja mchezo ule hafungiwi na geti la bati. Na huko nje mambo yalikuwa yamegeuka. Shimo halikuwa na mwenyewe tena. Masalio yalivimba, yakanuka, nzi wakaja mpaka mezani kwake, na harufu ile ikawafikia mbwa wazururaji wa mitaa mingine. Walikuja makundi, mchana kweupe, hakuna mbweha wa kuwabwekea wala fisi wa kuwatimua, na chui juu ya mawe ni mmoja, hawezi kula jeshi. Shimo la zamu likawa shimo la vurugu. Chenji, ambaye alijifunza kuruka ukuta kwa kupitia pipa la maji, akawa kinara wao. Mama Mizani alilijua hilo. Kila asubuhi alikuta matope kwenye pipa, akayafuta.

Shemeji, kwa upande wake, alikuwa ameacha kukohoa akaanza kujenga. Alizungushia zizi miiba upya, akafukia mawe chini yake, akaacha upenyo mmoja tu mdogo kwa makusudi, na kando yake akaweka ubao wa kuteremsha. Hakumwambia mtu anasubiri nini. Labda lile swali la mifupa halikuwa limelala.

Siku aliyokuja ilikuwa asubuhi ya wateja wengi. Foleni ilifika nje. Mama Mizani alikuwa anakata paja, anatania na mama mmoja mnunuzi wa maini, aliposikia foleni inanyamaza kutoka nyuma kuja mbele.

Shemeji alikuwa mlangoni, kamba mkononi. Mwisho wa kamba alikuwa mbwa wa kahawia mwenye doa jeupe kifuani, na lile doa halikuwa jeupe tena. Midomoni alikuwa na manyoya ya mbuzi. Alipomwona mwenye bucha akatikisa mkia.

"Shemeji," alisema yule mtu wa maneno machache, bila kupaza sauti, "nimekuletea chenji yako."

Mteja mmoja aliyekuwa mbali na mlango alidhani ni habari ya pesa, akacheka. Kicheko kikaishia njiani. Mchinjaji, aliyekuwa anaingiza ndama begani, alisimama hapo hapo na mzigo wake.

Mama Mizani aliweka kisu mezani. Mkono wake ulikuwa mkavu, alishangaa jinsi ulivyokuwa mkavu. Aliifunga kamba kwenye mguu wa meza, akamwambia mchinjaji ahudumie watu, akamwomba shemeji waingie chumba cha nyuma.

Humo palikuwa na friji inayonguruma, magunia ya chumvi na stuli moja. Shemeji hakukaa. Mama Mizani akaanza kufanya jambo pekee alilolijua.

Alianza na mbuzi. Achague mwenyewe kwenye wale wa machinjioni wanaosubiri kisu, wawili kwa kila mmoja aliyekufa. Shemeji alikuwa anaangalia friji. Aliongeza beberu wa mbegu. Akaongeza seng'enge ya kuzungushia zizi lote, na fundi juu yake. Akasema mbwa wote wawili watauawa leo hii. Akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia na mtu yeyote kwenye chumba kile, kwamba ataje yeye basi, chochote, ataje.

"Sijaja mnadani," shemeji alisema.

"Unataka nini sasa?"

"Ulijua?"

Hapo ndipo kila mtu angeweza kusema sikuwa na uhakika, ilikuwa asubuhi, macho yalikuwa na usingizi. Alilifikiria jibu hilo. Lilikuwa jibu zuri, lingeuzika. Lakini aliyesimama mbele yake ni yule aliyesema mwacheni afanye, na alikuwa anamtazama kama mtu anayengoja mshale utulie.

"Nilijua," alisema. "Nilitoa na manyoya kwenye mwiba."

Shemeji alivuta pumzi, akaitoa. Hilo la manyoya hakuwa nalo. Alikaa kwenye stuli baada ya yote.

"Utakuja zizini," alisema. "Uliposimama siku ile, usimame hapo. Na watu walewale. Useme."

Mama Mizani alijaribu kupunguza, huwezi kumlaumu, mazoea ni mazoea. Akauliza kama haitoshi kumwambia mwenyekiti peke yake, halafu mwenyekiti aeleze wengine kwa namna yake. Shemeji hakujibu. Akauliza kama wangesubiri wiki ipite, watu wapoe. Hakujibu. Mtu akikupa bei ndogo unaweza kuanzia hapo ukapanda naye. Huyu alimnyima hata mahali pa kuanzia, na ndipo Mama Mizani alipoelewa kwamba kitu hiki hakishuki.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, walikusanyika zizini. Mwenyekiti na sindano yake kolani, mchinjaji, majirani walewale, na wale vijana wa dawa. Mbuzi waliobaki walikuwa wanacheua. Mama Mizani alisimama palepale pa siku ile, mwiba uleule usawa wa uso wake. Njiani alikuwa amepanga hotuba yenye njaa ya mbwa, na mtengeneza chakula cha kuku, na ugumu wa biashara kwa mjane. Alipofungua mdomo aliona kwamba yote hayo ni kidole juu ya sahani.

"Walikuwa mbwa," alisema. "Wangu. Nilijua tangu asubuhi ile, nikasema fisi."

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa gumu. Kijana mmoja wa dawa aliuliza, kama anayeuliza njia, "Sasa yule mama fisi?" Mwenyekiti alijikuna shingo akasema amesikia. Jirani mmoja kati ya waliomwambia "umetuokoa" alikuwa anatazama viatu vyake. Mchinjaji ndiye aliyesema la mwisho, na lilikuwa mzaha, lakini wa mtu aliyejeruhiwa: kwamba na yeye aliona mapaja siku ile akanyamaza, kwa hiyo wampe na yeye jina, wamwite Mizani Mdogo. Alicheka peke yake kidogo, akaacha.

Bwana mifugo aliwadunga Risiti na Chenji sindano ya mwisho. Kisha akaja bwana afya wa kweli, mwenye mkoba na barakoa, akatazama shimo, akafunga machinjio mpaka lichimbwe jipya lenye mfuniko. Mama Mizani alilipia bila kubishana, na mafundi walidhani anaumwa. Yule wa chakula cha kuku aliambiwa atafute mapafu kwingine.

Bucha haikufa. Watu wanataka nyama. Walirudi mmoja mmoja, na utani ukarudi nusu. Kitu kimoja tu kilibadilika, na ni kidogo, mgeni asingekiona. Sasa anapoweka nyama kwenye sahani, mteja anasogea mbele, anainua kidevu, anatazama mshale. Wazee, watoto waliotumwa, hata yule mama wa maini. Hawafanyi kwa ubaya, wengine hata hawajui kama wanafanya. Yeye anajua. Kila kilo inayotoka bucha ile inamkumbusha, na anauza kilo nyingi kwa siku.

Mbweha walikuwa wa kwanza kurejea, jozi moja mpya, jua likianza kuzama. Mchinjaji anasema ameona nyayo kubwa kwenye udongo wa shimo jipya, lakini hajampa mwenye nyayo jina, na Mama Mizani hajamuuliza.

Majuzi kondoo wa jirani aliuawa. Watu walipita mbele ya bucha kwa haraka, na wala hawakugeuka. Walikuwa wanakwenda kumwita shemeji. Mama Mizani aliendelea kukata mbavu. Baadaye shemeji alipita akirudi, akasimama mezani, akaomba nusu kilo.

"Ni nini?" Mama Mizani aliuliza, macho kwenye kisu.

"Chui."

"Shingoni?"

"Shingoni."

Aliweka nyama kwenye sahani. Shemeji akasogea, akainua kidevu, akatazama mshale. Mama Mizani hakutania, hakusema lile neno lake la zamani. Aliondoa mikono yote miwili mezani, akaishusha ubavuni ionekane, akasubiri naye mpaka mshale ukatulia.